Toleo Jipya Lajaribiwa Duka la Dawa

Shikamoo Mama,

Leo asubuhi mdogo wangu Rehema ameniambia kuwa wenzake wa ng'ambo wamekubali marekebisho yake kwenye kompaila, ile programu huria ambayo wataalamu huitumia kutengeneza programu nyingine. Lakini hatoi toleo jipya kabla ya kulijaribu kwenye kompyuta kuukuu ya duka la dawa hapa Temeke. Programu ya zamani ya duka ikigoma baada ya kuundwa upya kwa toleo hilo, anaanza upya.

"We binti, ukiniharibia utakaa kaunta wewe," alisema Mzee Shomari, mwenye duka, tulipofika.

"Nitagawa dawa bure, mzee wangu."

Programu ilifunguka, hesabu ya dawa yote ipo. Mzee alituagizia mihogo ya kukaanga, akawatangazia wateja, "Mwanangu huyu!" Nikamsahihisha: mama yake yuko Njombe.

Jifunike vizuri na baridi hiyo. Toleo linatoka Jumamosi, na anayelitoa ni Rehema.

Mwanao,
Tito