Kasala Iliyokatwa Jina

Jumatatu, 3 Machi
Habari ya bei ya unga imetumwa gazetini. Nafungua ukurasa wangu wa sauti mtandaoni. Kasala ya Mama Ngoie imeondolewa. Sababu: "haki za mtu mwingine". Niliirekodi mwaka jana mtaani Katuba, kwenye matanga ya kaka yake. Ni wimbo wa sifa wa Kiluba: mwimbaji humwita marehemu kwa jina, na ukoo humjibu. Mama alitaka kila mtu aipate bure.

Jumanne, 4 Machi
"Mtu mwingine" ni studio ya mjini. Wamechukua sauti ukurasani kwangu, wakaongeza ngoma, wakaisajili. Jina la marehemu wamelikata, eti liliharibu mdundo. Nimeenda. Mwenye studio ni kijana mpole, miwani mipya.
"Papa journaliste, miye njo wa kwanza kudéclarer, kuandikisha. Weye ulikuwa wapi?"
"Ku matanga."
Hakucheka. Anadai nikiri kwa sahihi kwamba sauti ni yake, la sivyo ukurasa wote utafungwa. Kazi yangu yote ya miaka. Sikutia sahihi.

Alhamisi, 6 Machi
Katuba. Mama Ngoie ameusikiliza wimbo wa studio hadi mwisho, mikono imejaa unga wa mihogo.
"Bakopi, haiko mubaya. Bacheze, hata. Lakini jina ya kaka yangu iko wapi? Balisha kumuzika, sasa banamuzika tena?"
Hakimiliki naiunga mkono. Habari zangu huibwa kila wiki. Lakini sheria inayomlinda mchukuaji dhidi ya mwimbaji, siiheshimu. Nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Kutoa matanga uani kwa Mama Ngoie, mwaka umetimia tangu kaka yake afariki. Nilimwalika mwenye studio. Amekuja na kamera. Mama Ngoie aliimba, akafika kwenye jina, akamgeukia.
"Unasema iko yako. Simama basi, jibu!"
Ua mzima ulicheka. Kijana akashusha kamera. Watoto wa marehemu wakasimama: "Tuko!" Simu ziliinuliwa kila upande, zikirekodi.
"Muchukue, mupeleke fasi yote," alisema Mama. "Jina, musikate."

Jumatano, 12 Machi
Ukurasa umefungwa. Inauma. Sahihi yangu hawana. Hawataipata.

Jumapili, 16 Machi
Sokoni Annexe, kununua mboga. Muuzaji simjui. Simu yake kapuni inaimba: Mama Ngoie, na kelele za ule ua. Nilisimama nikangoja jina. Likaitwa. Muuzaji, bila kuacha kufunga majani ya lengalenga, akajibu polepole: "Tuko."