Mboga Iliyolala Kabla ya Krismasi

Kisoko, Tororo

Dada yangu mpendwa Damari,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha kwenye sikukuu yake tukiwa bado na pumzi. Je, hujambo? Na lile sikio, bado linavuma? Mara ya mwisho kwenye simu nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, nawe ukazidi kuuliza, “Amekufa nani?” Hakufa mtu, dada. Nilikuwa nasema tumevuna. Ndiyo maana leo nimeona nichukue kalamu, na barua hii imebebwa na rafiki wa shemeji yako, dereva mwenzake anayeshusha mzigo huko Tanga. Anakuletea na kopo la karanga ya kusaga. Usiliache juani, litatoa mafuta.

Sisi hatujambo. Shemeji yako alikaa foleni ya malori pale mpakani mpaka nikadhani Krismasi itampita humo humo, lakini alifika mkesha wake, amechakaa ila mzima. Owori wangu naye alikuja na mkewe. Mvua imekoma, wimbi, huko kwenu mnaita ulezi, liko ghalani. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Ninalotaka kukusimulia hasa ni habari ya mama mkwe wangu. Unajua alivyopatwa na kiharusi wakati wa palizi. Mungu alimrudishia ulimi, akamrudishia na mguu wa kutembelea kwa fimbo, lakini mkono wa kulia ulibaki pajani kama kitu cha jirani alichosahau hapo. Daktari alisema mkono utumike, usiachwe. Lakini utautumiaje mkono usiokusikia? Nilikuwa nikiukanda kila asubuhi, naye anautazama tu, kisha anageuza uso.

Basi mwezi wa kumi na moja akaja wifi yangu Athieno, yule binti yake anayeuza nguo za mitumba huko Busia, upande wa Kenya. Unamkumbuka, ndiye aliyecheza sana kwenye harusi yangu. Ana roho nzuri, lakini akishasema amesema. Akaketi, akamtazama mama yake akijaribu kuchochea moto kwa mkono wa kushoto, kijinga kikamponyoka kikaanguka karibu na gauni. Athieno akaruka.

“Yesu! Umeona? Siku ingine mama anaungua hapa na hakuna mtu. Mimi nasema hivi, baada ya Krismasi mama nakwenda na mimi Busia. Kliniki iko karibu, nyumba ni ya sementi, jiko ni ya gesi.”

“Na shamba langu?” mama akauliza.

“Shamba haina miguu, haikimbii. Na chakula ya Krismasi pia musijisumbue. Kuna watu kule wanapika, wanaleta na sufuria yao, wanapakua, wanarudi. Sisi tunakaa kwa kiti kama wageni.”

“Mgeni kwa nyumba yangu,” mama akasema polepole.

Dada, sitaki umwone Athieno vibaya. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Lakini mimi ndiye ninayeishi na mama boma moja, jiko langu na lake yanatazamana. Nilijua akipelekwa huko akakalishwa kwenye kiti mbele ya jiko la gesi la watu, hatadumu. Jiko lake likizimwa, naye atazimika. Nililiombea jambo hili kwa kufunga, sikuona njia.

Njia aliiona yeye mwenyewe. Wiki ya Krismasi akaniita. “Min Owori,” maana huku ndivyo ninavyoitwa, mama wa Owori, “kwenda kata mgagani nyuma ya zizi. Nyingi. Leo naanza chungu.”

Hapa inabidi nikueleze. Huku sikukuu haipikwi siku ya sikukuu. Muhogo na wimbi vinaanikwa juu ya mwamba siku nyingi kabla, vinasagwa pamoja. Viazi vitamu vinakatwa vipande tangu mavuno, vinakaushwa. Karanga zinakaangwa na kutwangwa mapema, samaki wa kukaushwa anatoka sokoni Busia. Siku yenyewe ni kuku tu na ugali. Lakini mfalme wa sikukuu katika boma hili ni chungu cha mgagani cha mama. Mgagani unachemshwa, yanamwagwa maji yale machungu, unatiwa maziwa, unaachwa ulale. Kesho yake unapashwa moto, unaongezwa maziwa, unalala tena. Siku ya tatu ule uchungu wote umekwisha, mboga imekuwa laini kama siagi, ndipo inatiwa karanga. Wanawe wakiwa Kampala au Nairobi huota chungu hicho.

Na chungu hicho kina sharti lake. Katika ukoo huu wa Kijapadhola, aliyekianza ndiye anayekimaliza. Hakibadili mkono, na mwenyewe haondoki nyumbani chungu kikiwa katikati. Nimeona mama akikataa kwenda hata harusini kwa sababu hiyo. Mimi miaka yote nimekuwa wa kuchota maji na kusonga ugali tu. Chungu kile sikuwahi kukigusa.

Nikamwambia, “Mama, utakorogaje?”

Akasema, “Kuanza naanza mimi. Kisha wewe ndiyo mkono yangu ya kulia. Mkono si mtu ingine. Ni yangu.”

Basi tukakaa na ungo. Mabua akawa anayalaza chini ya kile kiganja kizito, kinayabana kama jiwe, huku anachuma majani kwa kushoto. Alichuma tangu umande mpaka jua likapanda, nikimwambia apumzike ananiambia nifunge mdomo. Chungu kilipoinjikwa, yeye ndiye aliyekoroga mara ya kwanza kwa mkono wa kushoto, akaomba sala fupi, kisha akanipa mwiko.

Sasa sikia upumbavu wangu. Unajua mama yetu, Mungu amlaze pema, alivyotulea: kilichotiwa nazi hakilali, kiliwe leo leo ama apewe mbwa. Mpaka leo nikiona chungu kina kitu cheupe kimeachwa usiku, moyo unanidunda. Nilimimina maziwa kama nilivyoagizwa. Lakini mama alipoingia ndani kulala kidogo mchana ule, nikawaza, joto hili, maziwa haya, watu wote wale watakaokula! Nikatia chumvi ili yasiharibike. Chumvi ya kutosha, dada, kama ya kuhifadhi samaki.

Asubuhi nikafunua. Maziwa yamekatika, yameganda mabonge mabonge, maji ya kijani yanaelea juu. Nilikaa chini palepale. Athieno alikuwa anafika siku inayofuata. Nilimwona moyoni akifunua chungu, akimtazama mama, halafu akitazama mlango. Nilikuwa nimemfungia mama mkwe wangu mzigo wa safari kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama akaja na fimbo yake. Akachovya kidole, akaonja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ugonjwa umerudi, kumbe anacheka. Tangu palizi sikuwa nimekisikia kicheko kile.

“Mswahili wewe! Umepika uoga wako ndani ya mboga!”

“Nisamehe, mama. Niliogopa italala vibaya.”

“Chumvi ni mgeni. Mgeni anafika wakati chakula imeiva. Wewe umemwita akute watu wanaosha bado sufuria.” Akacheka tena mpaka akafuta machozi. “Mkono yangu ya kulia imekuwa mwizi ya chumvi! Ndiyo maana Mungu alininyang’anya ile ya kwanza, ikaletwa hii ya Tanga.”

Halafu akawa mpishi. Akaniamuru niisafishe mboga kwa maji ya uvuguvugu, niikamue, niisafishe tena mpaka chumvi itoke, niirudishe kwenye chungu kile kile. “Chungu ni ile ile, haijakatika. Kilichokatika ni maziwa.” Lakini maziwa yetu ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kunywewa na chai. Nikafunga kanga nikaenda kwa jirani yetu Mama Amoding, Mteso wa upande wa Mukuju aliyeolewa hapa. Nilipomweleza alijishika mbavu.

“Toto wangu! Maziwa ya Mteso, chungu ya Japadhola, mpishi Mswahili wa Tanganyika! Hii Krismasi ni ya mataifa yote. Chukua kibuyu mzima, lakini mimi nakuja kuonja.”

Tukaanza upya siku ile ile. Mboga ikalala siku moja pungufu, lakini nayo si ilikwisha kulala usiku mmoja kwenye chumvi yangu? Mama alikaa kwenye kigoda kando ya moto siku zote mbili, anachuma majani ya kuongezea, ananiambia punguza moto, ongeza, acha wazi, usifunike kwa mfuniko, funika kwa ungo ipate kupumua. Mfuniko ukifunga joto, mboga inachacha. Hilo nalo sikulijua.

Krismasi yenyewe tulitoka kanisani boma limejaa, mikeka ya majirani ikaazimwa. Shemeji yako ndiye aliyeomba. Mama akapakua kwa kushoto, mimi nimeshika bakuli. Athieno alimega ugali, akachovya mboga, akatia kinywani. Akachovya tena.

“Mama, nani amepika hii?”

“Mimi.”

“Na mkono gani?”

“Na hii,” akasema, akanielekezea mimi kwa kidevu.

Watu wakacheka. Mama Amoding akadai sifa za maziwa yake. Nikadhani yamekwisha. Lakini Athieno alipomaliza kula akanawa, akasema kwa upole, “Chakula ni tamu sana. Lakini tamu haishiki mtu akianguka kwa moto. Keshokutwa tunakwenda, mama.” Na alisema kweli, dada.

Siku ya kuondoka ikafika. Athieno amevaa viatu vya safari, mkoba wa mama umefungwa uko mlangoni. Tukamtafuta mama ndani hayupo. Tukamkuta nyuma ya ghala, kwenye kigoda, ungo mapajani, fungu la mgagani mbele yake na majani kibao yamekwisha kuchumwa.

“Mama, hii ni nini tena?”

“Chungu imeanza.”

“Chungu ya nini? Krismasi imekwisha!”

“Ya Mwaka Mpya.”

“Kale, sawa, Min Owori atamaliza.”

“Nani alikwambia chungu inabadilisha mkono? Umezaliwa kwa boma gani, wewe?”

Athieno akashika kiuno. Nikaona ameanza kukasirika, midomo inatafuta neno. Halafu midomo ikasimama. Alikuwa anatazama ungoni. Nikatazama na mimi. Dada, lile bua halikuwa chini ya kiganja. Lilikuwa limeshikwa. Kidole gumba na kile cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa vimelibana, vinatetemeka, lakini vimelibana, na ule wa kushoto unachuma. Siku zote zile nilizokaa naye natazama chungu, sikuwa nimetazama mkono.

Athieno akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake za safari. “Mama,” akasema kwa sauti ndogo, “shika ingine.” Akampa bua. Likaanguka. Akampa tena, mama akalishika. Hata mama mwenyewe alikuwa anautazama ule mkono kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Athieno akalia, nami nikalia, mama akasema tusitie machozi kwenye mboga, nayo yana chumvi.

Basi Athieno akavua viatu, akavuta jamvi, akachuma majani pamoja nasi mpaka yakaisha. Walikubaliana hivi: mama anabaki. Siku za kliniki Athieno atamfuata ampeleke Busia na kumrudisha. Na moto hawashi peke yake, mpaka mimi niwe jikoni. Mama ananiita askari. Namwitikia, “Afande.”

Leo ninapoandika, chungu cha Mwaka Mpya kiko motoni, na chumvi nimeificha mwenyewe nisiione. Mama amekaa mlangoni, ananiuliza nimeandika nini kumhusu. Nimemwambia nimeandika kwamba anapika vizuri. Anasema niongeze hili: chungu cha Pasaka ni chako, uje ule. Anataka umwone akikoroga kwa kulia, na anasema Mungu akimaliza alichoanza hataki shahidi wa kusimuliwa.

Nisalimie shemeji mzee wa kanisa, mwambie kikohozi kile anywe tangawizi asibishane nawe. Nisalimie shangazi wa michungwa, na mtoto wa marehemu mama mdogo aliyeanza ufundi cherehani. Athieno anakusalimu, na Mama Amoding pia, ingawa hajakuona, maana anasema chakula alichotia maziwa yake kimemfanya ndugu.

Tafadhali dada, nijibu upesi kama unakuja, umpe barua dereva huyu huyu atakaporudi. Mgagani inabidi tuuanze siku tatu kabla hujafika.

Mdogo wako akupendaye,
Yunisi, Mama Owori