Pua za Maji Juu ya Boneti

Jumanne, 2 Novemba 1976

Nimeosha lori, nimepima upepo wa matairi, nimekunywa uji, na jua bado halijapanda juu ya ginari ya pamba. Kutoka Shinyanga mpaka Geita hajazaliwa kijana anayejua magari kama mimi. Gari likinisikia nakohoa linawaka lenyewe. Wanawake wakiniona nimesimama juu ya bodi wanasahau bei ya nyanya.

Bwana Seif, tajiri mwenye lori, ananiita utingo. Mzee Masanja, dereva, naye ananiita utingo. Wote wawili wanakosea. Mimi ni dereva wa pili. Leseni ninayo tangu Agosti. Nilifaulu mara ya tatu, lakini zile mbili za kwanza askari alikuwa na njaa.

Lori ni jipya. La Kijapani, bluu, bado linanukia plastiki. Likikaa miezi sita mikononi mwa Mzee litazeeka kama yeye. Linahitaji kijana.

Alhamisi, 4 Novemba

Mzee Masanja kanifundisha waipa. Mimi, Maduhu, nafundishwa waipa.

Lori la zamani lilikuwa na kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi, na maji ya kioo unayakanyaga kwa mguu kama unafukuza kuku. Hili lina kijiti upande wa kushoto wa usukani. Kishushe mara moja, waipa zinatembea. Kishushe tena, zinakimbia. Kivute kuja kwako, pampu inalia, maji yanatoka kwenye chupa iliyo ndani na kuruka kupitia pua mbili ndogo juu ya boneti. Pua moja mbele ya dereva, moja mbele yangu. Yanapiga kioo. Ukiachia, yanakata.

"Maji kwanza, waipa baadaye," akasema. "Vumbi hili na waipa kavu ni msasa. Na tope bila maji, unapaka ukuta."

Nikamwambia nimeelewa kabla hajamaliza. Akasema ndiyo maana anarudia.

Tangu ashike usukani hajawahi kukwaruza kioo cha tajiri. Hiyo ndiyo sifa yake. Mtu mzima, watoto mapacha, sifa moja. Mimi kwa leo tu ninazo saba.

Jumamosi, 6 Novemba

Ugunduzi mkubwa. Ndani ya kila pua kuna gololi ndogo yenye tundu. Ukichomeka pini, gololi inageuka. Mjapani aliiweka hivyo ili maji uyaelekeze vizuri kwenye kioo. Mimi pua ya upande wangu nimeielekeza barabarani.

Mzee alikuwa ndani ya duka anahesabiwa mifuko ya chumvi. Lori liko sokoni. Akapita Zena, yule wa maandazi, anayejifanya haoni watu. Nikavuta kijiti. Maji yakaruka kushoto yakamkuta shavuni. Akatazama juu. Novemba, kadhani mvua. Akapita bwana mmoja na baiskeli. Naye akatazama juu. Wapakiaji walicheka mpaka wakatua magunia.

Zena alipong'amua akaja mpaka mlangoni.

"Maduhu, kumbe hata gari lenu lina mafua kama wewe."

Kicheko kikahamia kwake. Sawa. Sare.

Mzee hajui. Pua yake bado inapiga kioo, yangu ndiyo ya starehe. Hakuna ubaya.

Jumatatu, 8 Novemba. Geita

Tumevuka na pantoni, tumeshusha chumvi na saruji Kalangalala, hapa mjini. Mzee akaenda kula. Nikawaonyesha maajabu vijana wanaochekecha mchanga kwenye mashimo ya dhahabu ya zamani. Wamekuja mjini na pesa, wanataka kucheka.

Mmoja akasema, "Pua moja? Hiyo si gari, hicho ni kilema."

Siwezi kutukanwa mbele za watu. Nikageuza na ya pili, ile ya Mzee. Nikalowesha kushoto na kulia kwa mpigo mmoja. Mpishi wa hoteli alitoka na mwiko. Wakaniita Zimamoto. Jina linanikaa.

Nilitaka kuirudisha ya Mzee tuondoke. Akatokea ghafla, bado anatafuna. Nitairudisha Nkome, tukifika ziwani. Jua linachoma, nani anataka maji ya kioo?

Jumanne, 9 Novemba. Nkome

Tumepakia dagaa tangu asubuhi. Mpaka usukani unanuka. Watoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, wamesikia habari zangu, wakaomba. Nikawapa. Mama mmoja anayeanika dagaa akanilaani kwa Kizinza. Sikuelewa, kwa hiyo haijanipata.

Pini ninayo kwenye kola ya shati. Pua nitazinyoosha kesho.

Jumatano, 10 Novemba

Tumepata ajali. Goti la Mzee Masanja limevunjika. Mimi mzima.

Sitaki kuandika.

Alhamisi, 11 Novemba

Naandika isije ikasemwa vingine.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, ikakata alfajiri. Barabara nyekundu, inateleza kama mlenda. Tulikuwa tunatoka Nkome kurudi Kalangalala. Mteremko, halafu kona. Basi likatoka kwenye kona likaingia dimbwini kwa tairi zote. Tope likatupiga. Kioo kizima kikawa ukuta.

Mzee akavuta kijiti. Maji kwanza, waipa baadaye. Nilisikia pampu inalia. Akangoja maji yafike kwenye kioo. Akavuta tena. Akangoja tena, kwa sababu hajawahi kukwaruza kioo cha tajiri. Mwisho akashusha waipa, zikapaka. Akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani. Kona ilikuwa imeshatufikia. Tukaingia mtaroni, tukapiga ukingo. Dashibodi ikashuka juu ya goti lake.

Maji yalikwenda wapi najua. Yalikwenda kwenye majani, kushoto na kulia.

Nilimkimbilia Mzee kwanza. Nilizunguka upande wake, nikamshika kichwa, nikaita watu. Hilo liandikwe. Watu walipokuwa wanambeba ndipo nikazinyoosha zile pua. Baadaye kabisa.

Askari alikuja na fundi. Boneti limekunjika upande, kioo kimepasuka pembeni, lakini betri nzima. Fundi akavuta kijiti. Maji yakapiga kioo, pua zote mbili, safi. Akashusha waipa, zikafanya kazi. Akamwambia askari, "Gari halina kosa. Ni macho ya dereva."

Askari akaniangalia mimi. Nikaangalia viatu.

Jumapili, 14 Novemba. Shinyanga

Nimerudi. Nikaenda kumwamkia Bwana Seif. Kanikaribisha kahawa, jambo ambalo hajawahi. Akasema Masanja ni mtu mwema, amemtumikia vizuri, ila macho yana umri wake. Akasema goti likipona atamtafutia kazi ya kulinda ghala.

"Lori likitoka gereji," akasema, "utalishika wewe. Wewe ni kijana, unaona."

Ndicho nilichokitaka tangu nizaliwe. Kahawa niliiacha nusu kikombe.

Ijumaa, 19 Novemba

Mzee kahamishiwa hospitali ya hapa mjini. Nimekwenda na machungwa. Mama Kulwa, mkewe, yuko pembeni ya kitanda anamenya moja. Akanipa michembe, viazi vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. "Wabeja, mwanangu," akasema. "Asante kwa kumtoa mwenzio." Nikaipokea. Niko hapa na michembe ya watu, siwezi kuila wala kuitupa.

Mzee alingoja mkewe atoke kuchota maji.

"Maduhu. Nilivuta kijiti?"

"Nilikuwa naangalia njia, baba."

"Pampu je? Uliisikia?"

Ningesema ndiyo. Neno moja.

Nikasema, "Sikuisikia."

Akafumba macho. Akasema basi labda alivuta taa ya kona akidhani ni maji. Gari jipya, vijiti vipya, kichwa cha zamani. Akacheka kidogo. Kicheko kibaya.

Mimi ni mbwa. Hapana, mbwa ana mwenyewe anayemwogopa.

Jumatatu, 22 Novemba

Wapakiaji sokoni wananiita dereva. Mmoja kaniuliza lini Zimamoto atarudi kazini. Nikamtukana mpaka wenzake wakashangaa. Zena kanipa andazi bure, kasema nimekonda. Nilimwambia nimekonda kwa mawazo ya mapenzi. Hakucheka na mimi sikucheka.

Jumapili, 28 Novemba

Mzee yuko nyumbani. Plasta toka paja mpaka kifundo. Amekalishwa nje kwenye kivuli cha nyumba.

Nimemkuta anajipima macho. Kulwa na Doto wamesimama mbali kwenye ua wa minyaa, wananyanyua vidole. Anataja. Vitatu. Viwili. Vitano, na Doto ana kidonda kidoleni. Wakarudi nyuma mpaka njiani. Akataja tena. Hakukosea hata kimoja, mimi mwenyewe kule mbali nilikuwa nabahatisha.

Walipokuja mbio kumwambia kapata vyote, akawauliza, "Mama yenu kawaambia mnionee huruma?"

Wakaapa. Hakuwaamini. Akawarudisha kwenye ua.

Nilikaa naye mpaka jua linapungua. Nilifungua mdomo mara nyingi. Nikasema habari za mvua, bei ya dagaa, kwamba ng'ombe wa jirani kazaa. Nikamsifu kwamba anaendelea vizuri. Akaniasa. Kioo kipya kikiwekwa nikumbuke maji kwanza, waipa baadaye.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Ijumaa, 3 Desemba

Lori limetoka gereji. Bwana Seif kanikabidhi ufunguo mbele ya watu. Wapakiaji wamepiga makofi kwenye bodi.

Nimelizungusha mjini peke yangu. Karibu na stesheni ya reli manyunyu yakaanza, yakachanganyika na vumbi kwenye kioo. Nikavuta kijiti. Pampu ikalia. Maji yakapiga kioo katikati, mbele ya macho yangu, safi kabisa. Nikashusha waipa. Nikaona njia yote mpaka mwisho.

Nikaegesha. Nikalia. Mwanamume mzima, ndani ya lori la bluu, waipa zinatembea na mvua imeshakata.

Hata kelele za waipa kavu hazikunistua. Zilipoanza kukwaruza ndipo nikazizima.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimemwambia.

Nilikwenda asubuhi. Watoto walikuwa tayari kwenye ua wa minyaa na vidole vyao. Nilisimama mbele yake nikamziba asiwaone. Nikatoa pini kwenye kola nikaiweka mkononi mwake. Nikamwambia pua zote mbili, nani alizigeuza, lini, na kwa kicheko gani. Nikamwambia pampu nilisikia. Mara mbili.

Mama Kulwa alisimama mlangoni na ungo.

Mzee aliitazama pini. Halafu akainua shingo akanipita, akawaita watoto. "Shusheni mikono. Njooni mle."

Akasema, "Basi macho bado ni yangu."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Mimi na Kulwa tukaenda kwa Bwana Seif, mimi mbele, barua ya Mzee mfukoni mwake isije ikaonekana nimejitungia. Nikasema tena yote. Bwana Seif alinyoosha mkono, nikaweka ufunguo. Akasema lori litamngoja Masanja goti lipone, na kama halitapona, Masanja ndiye atakayechagua dereva. Mimi nisionekane karibu na gereji. Zena alikuwepo na beseni lake, kasikia. Hakuniita mafua wala nini.

Jioni nimerudi kwa Mzee kumletea jibu. Alikuwa anakula. Akanikaribisha, nikanawa, nikakaa. Nilidhani yamekwisha.

Akauliza polepole, bila kuniangalia, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Siku ile, gari liliposimama. Nilikuita. Nilikuita jina lako mara nyingi, na mlango wako nilisikia umefunguka. Ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nakuja.

Akaitikia kwa kichwa. Akanisogezea bakuli la mboga.

Kule nyuma, tarehe kumi na moja, nimeandika kwamba nilimkimbilia yeye kwanza. Nimesema liandikwe. Si kweli. Alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa mbele ya boneti na pini mkononi, nanyoosha pua, ya kwanza, halafu ya pili, na nilihakikisha zote mbili zimekaa sawa kabla sijakwenda kwake.