Viti Vitatu vya Darasani

Mume wangu,

Huku hatujambo. Nasema "hatujambo" kwa mazoea tu, maana nyumbani niko peke yangu. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, nimelitengeneza mwenyewe.

Mwaka huu nimepewa darasa la kwanza. Nawafundisha hadithi kwa viti vitatu: cha mwanzo, cha kati na cha mwisho. Msimuliaji anahama kiti kadiri hadithi inavyosogea. Akiwa cha kati, sharti kitu kitokee, la sivyo hahami. Sheria hiyo niliitunga mimi, nikajiona fundi.

Juzi niliishiwa hadithi, nikawaanzia ya mwanamume aliyemuaga mkewe akaenda kutafuta kazi mbali. Msichana mmoja, tunayemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, akakaa cha kati ili aiendeleze.

"Mke akafanya nini, mwalimu?"

"Akangoja."

"Halafu?"

"Akaendelea kungoja."

"Mpaka lini?"

"Miaka minne sasa."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwalimu, hapo hakuna kilichotokea. Mimi nimechoka kukaa."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikajifanya natafuta chaki.

Sasa wameshaenda kwao, nimebaki darasani nakuandikia. Viti vyao ni vifupi, magoti yanakaribia kunigusa kidevu. Barua hii niliianza nimekaa cha kati. Naimalizia kwenye cha mwisho.

Ukija, ufunguo uko kwa jirani.

Mimi,
Mwalimu wa darasa la kwanza