Nazi Aliyoikuna Babu Yako

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, babu yako anakohoa kidogo tu.

Umeuliza kama ufeministi ni kuwachukia wanaume. Mitumba iliporuhusiwa, mimi niliuza nguo sokoni Ngamiani. Babu yako kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi. Jioni moja nilirudi na mama yake, tukamkuta amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Karibu mama, wali hauchelewi," akasema, akaendelea kukuna.

Mkwe wangu akanigeukia mimi. "Umemfanya nini mwanangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wali aliula, akaongezewa. Hata leo nikikumbuka, uso unaniwaka.

Babu yako sijapata kumchukia. Hilo neno lako, ufeministi, nalielewa hivi: nazi alikuna yeye, mbona aibu nilipewa mimi?

Bibi yako