Dada, Kuna Mtu Alikuwa Anaua Sukuma Zako

Dada Nashipae,

Takwenya. Nimengoja kidogo uitikie, lakini wacha niendelee.

Ujue kwamba tangu tukuzike kule Oltepesi, mimi ndiye mtu mkubwa wa mambo ya bustani kuanzia Kitengela mpaka Isinya. Watu wakifika kwa geti lako wanapunguza mwendo. Pasta mwenyewe aliniuliza sukuma wiki zako nazilisha nini, nikamwambia hiyo ni siri ya familia. Ungekuwa hapa ungecheka ukifunika mdomo na leso, useme, "Ndugu yangu, huyo chui wako wa Kona Baridi kila mwaka ananenepa." Lakini chui nilimwona, hiyo tusibishane leo.

Leo nakuandikia kwa sababu kuna mtu alikuwa anaua sukuma zako.

Ilianza nikiwa nimehamia hapa kulinda nyumba. Yale magunia yako saba ya udongo uliyopanda sukuma nyuma ya jikoni, yenye ulisimamisha mawe katikati ndio maji yafike mpaka chini, yalikuwa yamenona. Nikayaongezea mbolea niliyoitoa mwenyewe Isinya. Siku tatu tu, majani yakaanza kukauka pembeni, kahawia, kama yamepitishwa kwa moto. Gunia la kwanza. La pili. Mpaka la nne. Nikajua huu si ugonjwa, hii ni roho ya mtu.

Na binti yako Naserian alikuja Jumapili, akasimama hapo na viatu vyake vya kazi, akasema, "Anko, hizi zikikufa tunaweka matofali ya kabro hapa kote, nipate pa kuegesha gari." Simlaumu. Hakuwa hospitali ile siku ulinishika mkono ukasema, "Usiache pakauke." Hukutaja nyumba. Hukutaja hata ng'ombe. Ulitaja hapo.

Nikaanza uchunguzi. Nilishuku mbuzi wa plot ya pili, lakini mbuzi anakula, haunguzi. Nikamshuku mwenye kuuza maji, labda ametuwekea maji ya chumvi ya kisima kwa lile tangi lako la mvua. Nikayaonja. Matamu. Nikabaki na mtu mmoja, Mama Halima wa duka, mliyepakana naye. Kwa nini kuna pengo kwa ua wenu? Kwa nini akinisalimia anaangalia magunia kwanza, mimi baadaye? Nikamwaga majivu hapo kwa pengo. Kesho yake nikapata alama ya sandali. Ndogo. Inaingia, inatoka.

Nikampigia Naserian, nikamwambia nimeshika adui, ni jirani, anayamwagia magunia maji ya sabuni. Akasema basi fundi wa kabro aje Jumamosi, na ukuta wa mawe uzibe hilo pengo, yeye hataki vita.

Jana mchana nikajificha nyuma ya tangi, mtu mzima mimi, nimeinama mpaka mgongo ukalia. Mama Halima akapita kwa pengo, ameshika ile jagi yako ya kijani. Akapiga magoti. Akaanza kuchota mbolea kwa mwiko, akiitoa karibu na shina, anaitupa kwa ndoo, halafu anamwagilia maji polepole vile ulikuwa unafanya. Alikuwa anaongea na wewe, dada. Alikuwa anakuambia gunia la tatu linaweza kupona.

Nikatoka. Nikamuuliza, "Mama, unatafuta nini kwa dada yangu?"

Hata hakushtuka. "Mjomba, hii ni ya kuku, tena mbichi. Inapika mizizi. Nashipae alikuwa anaifunika miezi, mpaka isahau kuku."

Nikamwambia mimi nimelala kwa nyumba iliyopakwa samadi tangu nizaliwe, hakuna mtu wa kunifundisha samadi. Akanipa mwiko.

Nimechota mpaka jua likashuka. Ameniambia hilo pengo mlilikata nyinyi wawili, mwaka ule mvua ilikataa, ndio mchote maji kwa tangi moja. Mimi sikujua. Nilikuwa nakuja hapa kula, dada, sikuwa naangalia.

Lile gunia la tatu leo limetoa jani. Dogo kama sikio la panya, lakini ni jani.

Kesho ndiyo Jumamosi. Fundi akija atanipata nimesimama kwa geti, na Naserian nitamwambia, mbele ya Mama Halima, kwamba adui ni mimi. Hiyo nakuahidi. Pengo halizibwi, na hapo hapakauki nikiwa hai.

Sere, dada. Pumzika.

Ndugu yako,
Lemayian

Kuna kitu kimoja sikumwambia Mama Halima. Ile mbolea, siku niliyoileta, ilikuwa inatoa mvuke. Niliuona huo mvuke. Nikafikiri ni nguvu. Nikaongeza.