Nimeukimbia Mkasi Miaka Kumi na Moja

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzio, nimekwama na wa kumlaumu simwoni ila mimi. Nashona kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye karakana ya suti, na mwaka wangu wa kwanza alinipa mkasi nikate koti la bwana harusi, nikasahau kugeuza karatasi ya kipimo, nikakata mikono yote miwili ya kushoto, kitambaa kikawa hakitoshi tena, na yule kijana akaoa kwa koti la kuazima lililombana mabega, nami nilikuwepo harusini nikaona kwa macho yangu. Tangu hapo sijakata, nashona tu vilivyokatwa na wengine, na mara tatu wifi ameniita kwenye meza ya kukatia, mara tatu nikazua kisingizio, mara macho, mara mgongo, na mara ya mwisho, aibu iliyoje, nikajifunga bendeji kidole kizima kisicho na hata mkwaruzo, naye akanipa pole na kunioshea vyombo wiki nzima. Niliowafundisha kushika sindano sasa wana karakana zao. Mikono ya wifi imeanza kutetemeka, anasema bila mkataji atafunga mwisho wa mwezi, na jibu langu analitaka Jumatatu. Natamani kukubali lakini moyo unasita. Najutia miaka yangu, mshauri. Nifanyeje?

Mshonaji

Mshonaji, pole, halafu nikugombeze. Bendeji? Mtu mzima? Mwenzio anakuoshea vyombo, wewe umekaa unamtazama! Miaka hiyo imekwenda na hairudi, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa nikasema si kitu. Ni kitu, na inauma.

Lakini barua yako mwenyewe umeisoma? Karakana ni ya wifi yako, kwa hiyo lawama za lile koti alizibeba yeye. Hata hivyo amekuita mara tatu. Hakusahau, dada yangu. Anakumbuka vizuri sana, na bado anakuita wewe.

Basi usingoje Jumatatu. Nenda leo umweleze yote, na ya bendeji usiyaruke. Atakasirika, vumilia, ni haki yake. Akishatulia, mwombe akae kando yako: wewe ukate, yeye atazame. Anza na koti la mume wako. Ukiliharibu atalivaa hivyo hivyo nyumbani, wala hatakuacha kwa sababu ya mkono wa koti.

Kukosea utakosea tena. Safari hii, ukikosea, baki mezani.